Makofi ya Baridi Jazi

Sumbawanga, 6 Juni 1954

Kaka Evaristi,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo kaka. Huku sote tupo na tunapumua. Goti langu la kushoto bado linasumbua, lakini linasumbua wakati wa kuinuka tu, kwa hiyo nikishakaa sina ugomvi na mtu. Luciana binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama cha marehemu baba. Tumempa jina lako, ili akiwa mkaidi tujue ukaidi kautoa wapi. Baridi ya mwaka huu imezidi, asubuhi majani ni meupe kama yamemwagiwa unga. Ulezi umekubali. Mahindi ya bondeni yameliwa na nguruwe, ila ya kwetu hawakuyagusa, waliona ya jirani ndiyo matamu. Kulsumu mke wa Zubery, wale wa duka na malori, kapata cherehani mpya, na tangu ifike hajashona hata kifungo. Kaifunika kitambaa anaitazama. Nikienda kununua chumvi lazima kwanza niisifu cherehani ndipo nipimiwe.

Sasa neno kubwa. Adolfu wa Mpui amelipokea jembe letu la uchumba. Nilikwenda mimi mwenyewe na mshenga, nikaliona kwa macho yangu linaingizwa ndani. Kwa hiyo mwanao Flavian, huyu niliyemlea mimi tangu mama yake afariki, ana mchumba, Kristiana, binti mzuri, anapiga ulezi bila kusimama kupumzika, na akicheka anageuka pembeni. Wakati wote tuliokaa pale Flavian alikuwa anatazama paa kama anayehesabu boriti. Adolfu ni yule yule, mlichunga naye, unamjua. Anakumbuka kila aliyemsalimia na kila aliyempita. Katekista alimpita siku moja njiani akiwa na mawazo yake, Adolfu akahamia kusali kigango kingine.

Mimi bado napika pombe kilabuni, zamu yangu ikifika. Biashara ilikuwa imelala, maana ile gramafoni ya Bashiri mtoto wa Zubery ilikatika kamani, haizunguki tena, na watu bila muziki wanakunywa kidogo kisha wanakumbuka wake zao. Pombe yangu ya mwezi uliopita ilichacha humo humo mtungini. Siku hizi biashara imechangamka tena kidogo. Flavian hajambo. Mikono yake ina kazi siku zote, usiwe na wasiwasi naye.

Kila barua nakuuliza unarudi lini, na wewe kila barua unanijibu habari za mvua.

Ni mimi mdogo wako,
Albina


Korogwe, shamba la mkonge, 13 Julai 1954

Mdogo wangu Albina,

Milele amina. Marahaba. Mimi mzima. Mvua huku ni haba. Mkonge unachoma mikono kama kawaida yake. Nimefurahi kusikia habari ya mtoto wa Luciana, ingawa kichwa kile kilikuwa cha baba, si cha kwangu.

Nimefurahi na habari ya jembe. Lakini umeandika kwamba mikono ya Flavian ina kazi siku zote, na hukuandika kazi gani. Adriano, mpwa wake Adolfu, ambaye tunalala naye nyumba moja hapa kambini, ameletewa habari kutoka Mpui. Anasema Flavian anapiga gitaa kilabuni. Anasema wako watatu na wana jina. Anasema Adolfu amesikia, na amesema hatoi binti kwa mtu wa gitaa.

Ukoo wetu haujawahi kuwa na mpiga gitaa. Mwambie Adolfu kwamba gitaa limechomwa. Kisha lichomwe. Au lichomwe kwanza ndipo umwambie, maana nakujua.

Nani aliyewapeleka watoto hao kilabuni? Nijibu hilo.

Kaka yako,
Evaristi


Sumbawanga, 17 Agosti 1954

Kaka Evaristi,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Barua yako ilichelewa kunifikia. Ilikaa dukani kwa Zubery siku nyingi, maana Kulsumu aliiweka chini ya cherehani isipeperuke, kisha akaisahau, na kitambaa hakifunuliwi ovyo. Mtoto wa Luciana anakua. Kichwa kimeanza kupatana na mwili. Mbuzi wako yule mweusi kazaa pacha.

Nimelisikia neno lako kuhusu gitaa. Kuni huku tunazo, za kuchomea hazitukosi. Ila kwanza ngoja nikueleze lililotokea juzi Jumapili, siku ya Kupalizwa Mama Maria, halafu utaamua mwenyewe.

Hao vijana wanajiita Baridi Jazi. Flavian ana gitaa. Alfonsi yule seremala anapiga debe na kuimba. Bashiri anakwaruza chupa kwa msumari, na anakuja na chai yake ya tangawizi kwenye birika, maana pombe hagusi, baba yake angemtoa roho. Nyimbo wanazojua si nyingi, kwa hiyo wanaziimba polepole zisiwaishie mapema. Na wanapiga vizuri kaka, sisemi kwa sababu ni mtoto wetu. Taabu ilikuwa moja. Gitaa halina sauti ya kushindana na walevi. Watu wakianza kusimuliana habari za ng'ombe, Flavian anaonekana anakuna mbao tu. Basi mtu mmoja akatoa shauri kwamba wimbo ukiwa unaendelea, pombe isimiminwe. Kuanzia hapo kilabu kizima kinatulia kama kanisani. Kila mtu ameshika kibuyu kitupu, anamtazama Flavian na kumwombea amalize.

Nani aliyetoa shauri hilo, watu wamesahau.

Sasa Adolfu alikuwa ametuma neno kwa dereva wa lori kwamba atakuja mwenyewe kulirudisha jembe. Siku hakuitaja. Unajua jembe likirudishwa kwa mkono wa baba wa binti hakuna tena maneno, hapo umefukuzwa. Flavian tangu aliposikia alikuwa hali chakula. Ananiambia, "Shangazi, basi nisipige Jumapili." Nikamwambia, "Baba, pombe nimeshachuja." Kwa hiyo akapiga.

Huku kuna karani mpya wa boma, mtu wa pwani, kijana msafi, kola nyeupe, na adabu anazo. Alikaa mbele kabisa. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, yeye akasimama akapiga makofi. Pa, pa, pa. Kumbe kwao ndivyo wanavyomshukuru mpigaji. Sasa kaka, kwetu unajua makofi ni ya kumsalimia mkubwa. Wale waliokaa karibu naye wakashangaa, lakini wale wa nyuma hawakuona kitu, wamesikia makofi tu kule mbele, na mtu amesimama. Wakasema moyoni, kaingia mkubwa, labda Mwene mwenyewe. Wakachuchumaa wakaanza kupiga makofi ya salamu, yale ya taratibu, viganja vimekunjwa. Wa katikati wakaona wa nyuma wako chini, nao wakashuka. Wa mbele wakageuka, wakaona kilabu kizima kiko chini, wakasema, basi sisi ndio tumekosa adabu, nao wakashuka. Hata Alfonsi akaweka debe akachuchumaa. Hata mimi, na goti hili. Karani kuona watu wameupenda wimbo namna ile, akazidisha.

Na hapo hapo mlangoni akawa amesimama Adolfu, jembe begani.

Kaka, ningekuwa na uwezo wa kuchora ningekuchorea. Uso ulioingia ulikuwa wa ugomvi, umeshapangwa tangu Mpui. Akatazama kulia, watu chini. Akatazama kushoto, watu chini. Mwanamume ambaye katekista mmoja kumpita alihama kigango. Akateremsha jembe polepole, akalisimamisha ukutani, akaanza kuitikia. Na aliitikia kwa utaratibu, mmoja mmoja, hakumruka mtu, mpaka yule mzee wa kwenye mitungi ambaye huwa hasalimiwi hata na mbwa.

Nikampelekea kibuyu cha kwanza. Akanywa. Akamwita Flavian.

"Kijana, ndivyo mnavyofanya hapa kila mzee akiingia?"

Mwanao kwa mara ya kwanza akili ikamfanyia kazi haraka. Akasema, "Si kila mzee, baba."

"Hm," akasema Adolfu. "Mimi niliambiwa hapa ni pa wahuni."

Halafu jirani yetu mmoja, mtu asiyejua kunyamaza, akamuuliza, "Baba Kristiana, na jembe la nini leo Jumapili?" Nikasema basi, tumekwisha. Adolfu akalitazama lile jembe kama ndiyo kwanza analiona. Akasema, "Mpini umelegea. Natafuta fundi." Alfonsi akaruka na nyundo, akaugonga mpini ule mpaka jasho likamtoka, na haukuwa umelegea hata kidogo. Jioni Adolfu akapanda lori akarudi Mpui na jembe lake, anaimba.

Karani alitaka kuendelea kupiga makofi kila wimbo, ikabidi nimpe kibuyu kile kikubwa cha kushika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo sasa unaona, hilo gitaa nikilichoma leo, Adolfu atauliza liko wapi. Mji mzima unajua makofi yalikuwa ya nani, na mji mzima umenyamaza, kwa sababu ya Flavian na kwa sababu ya pombe. Mimi natembea nimeuma kanga nisicheke. Nikikutana na Kulsumu nazungumza cherehani tu mpaka mwenyewe kachoka. Nimekuandikia wewe kwa kuwa uko mbali. Usimwambie mtu hata mmoja, na zaidi ya wote huyo Adriano asijue. Likifika Mpui, jembe litarudi, na safari hiyo halitatafuta fundi.

Unarudi lini?

Mdogo wako,
Albina


Korogwe, 19 Septemba 1954

Mdogo wangu Albina,

Milele amina. Marahaba. Mimi mzima. Mvua bado.

Barua yako nimeipata. Sikucheka. Ukisikia kwamba nilicheka, nilikuwa na kikohozi, na kambi yote inajua nina kikohozi.

Lipo jambo dogo. Macho yangu siku hizi ni ya kuandika, si ya kusoma. Herufi zangu naziandika kubwa naziona, lakini zako zimebanana kama ulezi kwenye kapu. Kwa hiyo barua zako nasomewa. Anayenisomea ni Adriano.

Anasoma vizuri, kwa sauti, na huwa watu wanakaa kusikiliza habari za nyumbani. Alipofika pale ulipoandika kwamba Adriano asijue, alirudi nyuma akausoma mstari ule mara ya pili. Kisha akaendelea na sauti ile ile mpaka mwisho, hata lile swali lako la kurudi akalisoma.

Mkataba wake umekwisha. Atapanda gari keshokutwa kurudi Mpui. Nimempa sabuni akuletee. Nimemsihi sana. Alisema, "Sawa baba," lakini alikuwa anatabasamu.

Gitaa msilichome kwanza.

Kaka yako,
Evaristi


Sumbawanga, 26 Oktoba 1954

Kaka Evaristi,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Mtoto wa Luciana ameota jino. Mvua za kwanza zimegusa, kwa hiyo za huku usiniulize, zipo. Kulsumu hatimaye ameshona, kashona kitambaa kingine cha kufunikia cherehani.

Barua yako na Adriano vilipanda lori moja kutoka Mbeya. Adriano akashuka Mpui, barua ikaendelea mpaka kwangu. Nilipomaliza kuisoma, Mpui walikuwa wameshalala na kuamka na habari. Sabuni sikuiona.

Sikumwambia Flavian. Nilimtazama tu anavyokaza nyuzi za gitaa, anajiimbia, amenenepa mashavu tangu Agosti, nikashindwa. Kila lori likija natoka nje. Nilipika pombe ya zamu yangu ikawa mbaya, watu wakainywa kwa huruma. Nilikuwa nawaza, mtoto huyu mama yake aliniachia mikononi, nikamtafutia mke, halafu nikamwandika barua mpaka mke akamponyoka.

Jumapili iliyopita Adolfu akaja. Jembe begani. Baridi Jazi walikuwa katikati ya wimbo. Flavian alipomwona, mkono ukasimama, na Bashiri akakwaruza chupa peke yake kidogo kabla hajagundua. Hakuna aliyechuchumaa. Hakuna aliyejua kama achuchumae au asichuchumae, kila mtu anamtazama mwenzake. Karani wa watu kashika kibuyu chake cha mikono miwili anaogopa hata kukitua.

Adolfu akaja moja kwa moja mpaka kwangu kwenye mitungi.

"Mama Luciana."

"Abee."

"Yale makofi ya siku ile yalikuwa ya nani?"

Kaka, mimi majibu sikosi. Nilikuwa nayo manne yamejipanga, moja lilikuwa zuri sana, lina askofu ndani yake. Nikamtazama yule mtu usoni, nikaona hakulala vizuri siku nyingi. Nikasema, "Ya Flavian, Baba Kristiana. Karani alikuwa anamshukuru Flavian."

"Na mimi nikaitikia."

"Ukaitikia."

"Wote."

"Mpaka yule mzee wa kwenye mitungi."

"Na Korogwe kambi nzima wanacheka."

"Wanacheka," nikasema, "lakini ni mbali."

Akavuta kigoda akakaa. Jembe kalilaza mapajani. Akasema, sasa si kwangu peke yangu, watu wote wanasikia, "Mke wangu kaniambia rudisha jembe. Nikaamka nikalibeba. Nimekaa juu ya lori nikawa najiuliza, jembe nitalirudisha, haya, na makofi je? Nimeyapokea. Yalikuwa salamu ya kijana huyu, nikaiitikia mimi mbele ya watu, nikanywa na kibuyu cha kwanza. Halafu nimnyime binti? Si watasema Adolfu kala cha mtu?"

Nikamchotea kibuyu.

Flavian akasema kwa sauti ndogo, "Na jembe, baba?"

"Jembe mpini umelegea kweli safari hii. Yule seremala wenu aliugonga kama anaua nyoka, sasa unazunguka. Yuko wapi?"

Alfonsi akakimbilia nyundo. Watu wakacheka, Adolfu akaangalia pembeni mpaka kicheko kikapungua, na nadhani naye alicheka kidogo, puani. Kisha akamwambia Flavian, "Malizia wimbo, mimi sijausikia hata mmoja vizuri." Nikaacha kumimina. Ukapigwa mpaka mwisho. Ulipokwisha, karani alitutazama kwanza.

Padre amesema kipindi cha Majilio hafungi ndoa, kwa hiyo ni Januari, baada ya Epifania. Lakini kaka, Adolfu ametoa sharti, na amelitoa mbele ya mitungi, hataliondoa. Alisema, "Kilabu hiki hakina kosa, kilinisalimia kwa bahati mbaya. Yupo mtu mmoja ambaye hajanisalimia kabisa, si kwa bahati mbaya wala nzuri. Baba wa kijana. Tumechunga naye, anaozesha mtoto kwangu, na yeye anacheka akiwa Korogwe. Aje acheke hapa. Aje achuchumae anipigie makofi yangu mwenyewe, ndipo binti atoke ndani."

Nikamwambia utakuja. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kristiana ameshaanza kusuka mikeka ya ukindu, na Flavian ameniuliza mara moja tu, "Atakuja?" halafu akaondoka kabla sijajibu.

Kwa hiyo kaka, hapa habari za mvua hazitatusaidia.

Mdogo wako,
Albina


Korogwe, 28 Novemba 1954

Mdogo wangu Albina,

Milele amina. Marahaba. Mimi mzima. Barua yako amenisomea mpishi wa kambi, mtu wa Singida, hana ndugu Ufipa.

Nimemwambia mnyapara siendelei. Amenipa cheti changu. Nitaondoka hapa kabla ya Noeli, Mbeya nitaangalia lori la Zubery.

Mwambie Adolfu makofi nitampigia. Ila yeye awe ameshakaa, na pawe na watu wawili wenye nguvu karibu yangu, maana siku hizi nikichuchumaa siinuki peke yangu. Wasije wakadhani nimezidisha heshima.

Miaka yote uliniuliza na sikukujibu. Nikifika utaniuliza tena, na nadhani sitakujibu, ila nitakuwa nimekaa hapo.

Flavian nilimwacha meno ya mbele hayajarudi. Pale lori linaposimama patakuwa na vijana wengi, na macho yangu nimeshakueleza. Mwambie aje na gitaa. Alishike mbele, nimjue.

Kaka yako,
Evaristi